Mwizi wa Matza

Nikianza kwa kusema alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, atanifokea kutoka huko New Hope aliko sasa. Hapendi habari hizo. Mgeni akimwuliza kwao ni wapi, humjibu kwamba kwao ni Golden Valley, hapa Minnesota, Marekani, nyumba ya pembeni yenye mlango wa kijani, na kama mtu ana hamu ya kuwajua mababu zake akasome vitabu vya Musa, wote wamo humo na ni wachache sana waliokuwa na akili timamu.

Mimi namwita Jirani. Tulipohamia mtaa ule nilianza kwa kumwita Mama, kama nilivyolelewa Moshi kumwita kila mwanamke aliyenizidi umri. Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. Akaniambia yeye si mama yangu, anao watoto wawili tayari na wanatosha kumtia wazimu. Kumwita kwa jina lake kavukavu, wanavyofanya watu wa hapa, mdomo wangu ulikataa. Basi nikamfundisha neno jirani, akalipenda, na miaka yote tumekuwa tukiitana hivyo juu ya ua, yeye ananiita Jirani na mimi namwita Jirani, na mume wangu akisimama kando anachanganyikiwa nani anaitwa.

Ni mfupi. Miwani yake mikubwa, na sauti yake huwezi kuamini inatoka katika kifua kidogo hivyo. Majira ya baridi alivaa koti la marehemu mumewe, lililomfika karibu na vifundo vya miguu, akajificha gereji kuvuta sigara ili wanawe wasijue. Walijua. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu moshi ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa gereji, na mara moja mtu aliita wazimamoto. Walipofika aliwakaribisha kahawa na kuwauliza kama wameoa.

Kuhusu Mungu, msimamo wake ulikuwa mgumu kuuelewa. Alisema hamwamini. Lakini hakutaka kumuudhi. Nyama ya nguruwe haikuvuka mlango wake hata siku moja, ila tukienda mkahawani asubuhi aliiagiza ikiwa imekaangwa hadi ikauke, akisema pale si nyumbani kwake na anayetazama atazame. Siku kuu ya kufunga ya Wayahudi wenzake alifunga kweli, tangu jua kuzama hadi jua kuzama, isipokuwa kahawa, ambayo alisema ni dawa, na sigara, ambayo alisema si chakula. Nikimcheka, anasema afadhali yeye anayemkosea Mungu kwa adabu.

Alikuwa mchokozi wa dini za watu pia. Sisi ni Walutheri, na Minnesota imejaa Walutheri, hata waliohama kanisa bado wana tabia zake. Jirani alituona watu wa ajabu sana. Mlutheri, alisema, akikanyagwa mguu anakushukuru, kisha anakununia hadi kaburini. Kwao mtu akikasirika sahani zinatikisika, na baada ya robo saa watu wanaulizana nani anataka chai. Kunyamaza, kwa Jirani, lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi yenyewe. Kumbuka neno hilo, maana ndilo lililokuwa linamuua taratibu.

Alitualika Pasaka yao mwaka uleule wa kwanza wa ujirani wetu. Nilifurahi nikajituma. Nikaamka alfajiri, nikakanda unga, nikachoma sinia zima la maandazi, yamefura vizuri, ya iliki, nikayafunika kwa kitambaa cheupe na kwenda nayo kwa madaha. Nikayaingiza katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameisugua wiki nzima ili isibaki hata chembe ya kitu kilichotiwa hamira. Mtu nimesoma Kutoka tangu shule ya Jumapili, mikate isiyotiwa chachu naijua, lakini haikunijia kabisa kwamba ndiyo ile, kwamba kuna watu wanaifanya kweli jikoni kwao. Jirani aliinua kitambaa. Akanusa. Uso wake ukawa na majonzi ya kweli. Akaniambia niyarudishe kwangu, niyatie kwenye friza, na jua likizama siku ya mwisho ya sikukuu niwe mlangoni nayo. Nilikuwa mlangoni. Aliyala manne akiwa amesimama.

Mwaka huohuo mume wangu naye aliaibika, ili nisibaki peke yangu. Kabla ya supu Jirani alisema kwa heshima kwamba kama mgeni ana neno, aseme. Baba Imani ni mzee wa kanisa. Ukimwambia aseme neno, anasimama. Akaomba. Aliombea nyumba, mtaa, marais wa nchi mbili, wagonjwa wa hospitalini anakofanya kazi ya uuguzi, kisha akafunga vizuri kabisa kwa jina la Yesu Kristo. Mimi nilikuwa natazama chumvi.

"Naye alikuwa wa kwetu," Jirani alisema. "Amina. Leteni supu."

Tangu hapo tulialikwa kila mwaka, na nilidhani ni kwa sababu ya mapenzi. Mapenzi yalikuwepo. Lakini baadaye niligundua tulikuwa na kazi. Jirani alikuwa na watoto wawili wa kiume, wote wamepita miaka hamsini, na wawili hao walikuwa hawasemeshani. Sisi tuliwekwa katikati yao mezani, mimi na Baba Imani, na binti yetu Imani akiwa bado mdogo, kama mto unavyowekwa katikati ya watoto wanaopigana kitandani.

Mkubwa ni daktari wa meno, anaishi Roseville, na huwezi kucheka mbele yake bila kuhisi anakukagua. Mkewe hali nyama, hali samaki, hali mayai, na karamu hiyo ni nyama, samaki na mayai. Mdogo anafundisha piano na anaishi Saint Paul, ghorofani, peke yake. Waligombana baada ya msiba wa baba yao. Siku za matanga zilipokwisha, Mkubwa alikwenda gereji akaipakia mashine ya baba ya kuondolea theluji, ile unayoisukuma ikarusha theluji pembeni, akaondoka nayo bila kumwambia mtu. Mdogo alipojua, alikata mawasiliano. Ukumbuke Mdogo hana kiwanja. Hana hata kipande cha njia ya kuondoa theluji. Mkubwa alikuwa akimwambia kila mtu hilo, isipokuwa Mdogo mwenyewe.

Nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Kisha Jirani akaniambia kwamba kila theluji ilipoanguka ni Mdogo aliyekuwa akija alfajiri kuisukuma mashine ile na baba yake, mmoja akisukuma, mwingine akielekeza na kulaumu. Mkubwa alikuwa na wagonjwa wa meno. Nikaacha kucheka, ingawa sikuacha sana.

Mezani basi mambo yalikuwa hivi. Mdogo angeniambia, akinitazama machoni, nimwombe kaka yake asogeze ule mzizi mkali unaokunwa, ambao wanaula kukumbuka uchungu wa utumwa na ambao ukikosea kipimo unakutoa machozi na kamasi pamoja. Ningemwambia Mkubwa. Mkubwa, aliyekuwa ameketi mbali kwa urefu wa mkono, angeniambia nimweleze mdogo wake kwamba amekwisha kula wa kutosha. Nami ningegeuka. Shingo iliniuma hadi kesho yake. Imani, ambaye anaelewa Kiswahili chote na hujibu Kiingereza chote, aliniuliza kwa nini wale wazee wawili wameadhibiwa.

"Nataka kitu kimoja tu kabla sijafa," Jirani aliniambia siku moja gerejini. "Nataka wagombane uso kwa uso. Wapatane au wasipatane, hilo ni lao. Lakini nisikie sauti zao, mmoja akimjibu mwenziwe. Nimezaa watoto, sikuzaa Walutheri."

Nilimwambia asante kwa niaba ya kanisa. Akanipa sigara, ingawa anajua sivuti.

Sasa lazima nieleze desturi moja. Mwanzoni mwa karamu yao matza moja, ule mkate mkavu mwembamba ambao Imani alisema ni kama kula boksi, huvunjwa vipande viwili. Kikubwa hufungwa kwa kitambaa na kufichwa. Chakula kikishaliwa, kipande hicho hutafutwa, kila mtu anapata tonge lake, na baada ya hapo hakuna kutia kitu kingine mdomoni. Kisipopatikana karamu haifungwi. Vikombe viwili vya mwisho vya divai havinywewi, na mlango haufunguliwi kumkaribisha nabii Eliya, ambaye wanamwekea kikombe chake mezani kila mwaka, naye kila mwaka haji. Kwa kawaida ni mchezo wa watoto. Kuna nyumba ambamo watoto wenyewe ndio hukiiba kipande, na mkubwa wa nyumba anakikomboa kwa zawadi.

Wajukuu wa Jirani walikua wakatawanyika kwenda majimbo yenye jua. Imani alichoka mapema, akawa na simu. Basi Jirani akajipa kazi ya wizi yeye mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, mwenye nyumba, anaiba mkate wake mezani kwake, halafu anadai fidia. Mwaka mmoja alimtaka Mkubwa anyoe sharubu, na alinyolea bafuni hapohapo. Mwaka mwingine alimtaka mke wa Mkubwa anywe kijiko kimoja cha supu ya kuku. Yule mama alikinywa akilia, akaomba cha pili, na hadi leo hilo halizungumzwi. Mwaka mwingine akawataka wote waape hawatataja tena nyumba ya wazee. Wanawe ni watu wa kisasa, hawaendi sinagogi ila kwa harusi, lakini hakuna aliyethubutu kusema basi tuondoke bila hicho kipande. Mkubwa aliwahi kuinuka nusu kutoka kitini. Mama yake akamtazama tu, naye akaketi.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni vitu vidogo, miwani, jiko. Baadaye nilimkuta amesimama kwenye njia yetu amevaa lile koti kubwa, ananiuliza kama nimemwona mumewe, maana theluji imeanguka na mashine haisikiki. Nilimshika mkono tukarudi kwake. Nililia nilipofika nyumbani, na sioni haya kusema hivyo. Wanawe wakaanza tena kutaja nyumba ya wazee, kila mmoja kwa simu yake, kila mmoja kwangu mimi, nikawa karani wa ubalozi wa nchi mbili.

Karamu ya mwisho katika nyumba ile ilikuwa hivyo basi, na wote tulijua ni ya mwisho. Tulikula. Nyama ya kidari ilikuwa kavu, na Mkubwa aliniambia nimwambie Mdogo, aliyeipika, kwamba ni kavu. Kipande kilikuwa kimekwisha kuibwa, hatukuona lini. Tulipomaliza, Mkubwa akamwuliza mama yake kwa uchovu mwaka huu anataka nini.

"Semeshaneni," alisema Jirani.

Hawakutaka. Mkubwa aliniambia atamsemesha mtu akiombwa radhi. Mdogo aliniambia yeye hana cha kumwambia mwizi wa mashine. Jirani akakunja mikono juu ya kitambaa cha meza, akasema vizuri, hakuna anayekwenda nyumbani. Tukakaa. Kikombe cha Eliya kimejaa. Baba Imani akaninong'oneza.

"Mama Imani, twende zetu, kesho nina shifti ya asubuhi."

Nilimwambia ajaribu kuinuka aone. Hakujaribu.

Aliyevunjika ni Mkubwa, na sidhani ilikuwa ni mapenzi, nadhani alitaka divai. Aligeuka, akamtazama mdogo wake usoni, akasema, "Habari yako." Mdogo akasema, "Nzuri." Mke wa Mkubwa alipiga makofi peke yake. Mkubwa akamgeukia mama yake, amekwisha nyoosha mkono, akamwambia haya, kiko wapi.

Jirani akafungua mdomo. Akafumba. Akatazama kabati, akatazama dirisha, kisha akatutazama sisi.

"Sikumbuki," alisema.

Hakuna aliyecheka. Uso wake ulikuwa na hofu, na hofu ile ilinichoma. Ndipo Mdogo akasukuma kiti nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haiwezi kuwa mbali, hebu kaka aangalie jikoni. Na Mkubwa akaenda jikoni.

Tulipekua nyumba ile. Friza, viatu vya theluji, tanuri, kapu la nguo chafu. Mdogo alitafuta kwa bidii kutushinda sote. Aliingia uvunguni kwa tumbo. Alifungua piano mgongoni kwa bisibisi. Alisema huenda mama alikitupa nje kupitia dirisha la juu kikaangukia kwenye mfereji wa maji ya paa, na akapanda paani kwa ngazi, mtu wa umri ule, na viatu vya ngozi, huku Mkubwa ameishika ngazi chini akimfokea aweke mguu kushoto, kushoto, mjinga wewe. Mdogo akafoka kutoka juu. Aliposhuka wakaingia gereji, na gereji ndipo mashine ilipokuwa zamani, na mahali pake palikuwa wazi. Hapo ugomvi ukalipuka. Tulisikia kila kitu, nani alimwuguza baba, nani hakupiga simu, nani alipendwa zaidi, nani hajui hata kuiwasha. Baba Imani alitaka kwenda kuamua. Jirani akamshika shati.

"Kaa chini," alimwambia. "Nasikiliza."

Hofu ilikuwa imemtoka usoni. Alikaa pale mezani amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu, na walipopandisha sauti yeye alitabasamu. Kipande hakikuonekana. Hatukunywa vikombe viwili vya mwisho. Mkubwa alipouliza Eliya je, mama yake akasema angoje nje, ana koti.

Asubuhi yake natia mkono mfukoni kutafuta funguo za gari, nagusa kitambaa. Koti langu lilikuwa limetundikwa na mengine kwenye korido yake, na nani angepekua koti la mgeni. Nikavuka ua nikabisha. Nilipokifungua mbele yake alikishangaa. Niapishwe popote, hata leo siwezi kusema kama mshangao ule ulikuwa wa kweli. Akakigusa kwa kidole. Kisha akakifunga tena vizuri na kukirudisha mikononi mwangu.

"Ukiwapa hiki," alisema, "watakwenda nyumbani."

Basi sikuwapa. Kila mmoja alipotaka kuacha kuja, Jirani alisema sikukuu haijaisha, na wakaja kila Jumapili kutafuta. Waliihamisha nyumba yake yote kwa maboksi wakitafuta. Huko New Hope, kwenye nyumba ya wazee, wamepekua hadi mito ya kitanda. Mashine ilirudi kutoka Roseville, sasa iko gerejini kwetu, kwa sababu hakuna aliyekubali iwe ya mwenzake, na theluji ikianguka wanakuja wote wawili kuisukuma kwenye njia yangu, mmoja akisukuma, mwingine akielekeza na kulaumu.

Nilikwenda kumwona juzi Jumapili. Aliniita kwa jina la dada yake, nikaitika. Wanawe walikuwa wanabishana kuhusu joto la chumba, mmoja anapandisha, mwingine anateremsha, na muuguzi, dada wa Kikenya kutoka Kisii, amesimama mlangoni hajui amsikilize nani. Jirani alikuwa kitini dirishani. Nilipoinama kumbusu alinivuta sikio karibu.

"Bado unacho?"

Nikamwambia ninacho, kabatini, karibu na unga wa ugali, kimevunjika kidogo pembeni. Akasema haidhuru, mkate ule hauozi. Akanigusa shavu. Kisha akanisahau, akageuka kuwasikiliza.

Mdogo alinisindikiza hadi kwenye gari. Alinifutia theluji kwenye kioo kwa mkono wa koti lake, akakawia kama mtu mwenye neno.

"Kiweke mahali pakavu," alisema.

Nikamwuliza kitu gani, nikijifanya mjinga.

"Cha mama. Nilikuwa kwenye korido natafuta simu yangu. Nilimwona akikitia mfukoni mwako. Yeye sidhani kama aliniona."

Nikaukumbuka uvungu, na piano iliyofunguliwa mgongo, na viatu vile vya ngozi juu ya vigae vyenye barafu. Nikamwuliza sasa kama alijua, paani alipanda kufanya nini.

"Kaka alikuwa ameshika ngazi," alisema.